Ekseli ya Salisbury na vipuri vya breki kwa Land Rover 109 ya zamani: tathmini ya pikapu inayobeba mzigo

Tathmini hii inahusu mambo matatu yaliyokwenda pamoja: ekseli ya nyuma ya aina ya Salisbury, iliyotumika, ambayo ilifungwa kwenye pikapu ya Land Rover 109 Series IIA ya mwaka 1968 (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), kazi ya gereji moja ya Unga Limited, Arusha, iliyoifunga, na vipuri vya breki vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti Arusha, Gerezani jijini Dar es Salaam, na Kirinyaga Road jijini Nairobi. Natanguliza hukumu ili asiye na haja ya maelezo asipotezewe muda. Ekseli imestahili kila shilingi iliyolipwa, na kwenye gereji ile nitarudi, lakini kwa masharti. Vipuri vya breki, ambavyo mwanzoni nilivihesabu kama nyongeza ndogo ya kazi, ndivyo vilivyokula fedha na subira kuliko chuma chote kilichobaki, na jumla ya gharama yake ilikaribia bei ya ekseli yenyewe.

Gari linalozungumziwa si pambo la tamasha. Tangu lile tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, wengi wamepata hamu ya kufufua magari yaliyolala nyuma ya nyumba, na baadhi yao watatosheka na rangi mpya na matairi yanayong'aa. Hili langu linabeba mbolea, mahindi na mapipa ya maji katika barabara za vumbi za Arumeru, na ekseli yake ya zamani ilikuwa imefika mwisho wa uvumilivu.

Ekseli iliyotoka nalo kiwandani ni ile tunayoiita ya Rover, ambayo hafushafti zake (shafti mbili zinazozungusha magurudumu) zina meno kumi upande wa difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kushoto na kulia). Hapo kwenye meno ndipo zinapokatika, hasa kwenye 109, kwa kuwa mzigo ni mkubwa na dereva mwenye haraka huachia klachi ghafla gari likiwa limezama kwenye tope. Dalili yake haijifichi: gia imeingia, injini inanguruma, propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inazunguka, lakini gari halisogei. Dawa ya dharura ni kubonyeza kitasa cha njano ili magurudumu ya mbele yaingie kazini na kuliburuta gari hadi nyumbani. Nao waliobuni ekseli hiyo walikuwa na busara moja kubwa, kwamba uzito wa gari unabebwa na habu (kitovu cha gurudumu) na beringi zake wala si shafti, kwa hiyo ukifungua bolti sita za flanji ya habu unaichomoa hafushafti bila hata kuvua gurudumu. Taabu huwa ni kile kipande kilichobaki ndani ya difu, ambacho hakitoki kwa kubembelezwa. Difu yenyewe hufunguliwa kwa mbele, nati kumi, ikatoka nzima na nyingine ikaingia, kazi ambayo mafundi wengi wa huku wanaifanya chini ya mti wakiwa na seti moja ya spana. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoisema ekseli ya Rover kuwa ni mbovu. Ni nyepesi kuhudumia, lakini ni dhaifu kwa tani moja ya mbolea kwenye mlima.

Salisbury ni ukoo mwingine. Muundo wake unatokana na Dana 60, ekseli ya kazi nzito ya Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Land Rover iliifanya kuwa ekseli ya kawaida ya nyuma kwa 109 zote za Series III. Shafti zake ni nene, zina meno 24 upande wa ndani, na difu imejengwa ndani ya bonge la chuma ambalo ukiliona mara moja hutalisahau. Ubaya wake upo pia, na wauzaji hawautaji. Ni nzito kiasi kwamba watu wanne waliibeba wakihema. Bonge la difu linaning'inia chini zaidi kuliko lile la Rover, hivyo jiwe ulilozoea kulipita katikati ya magurudumu sasa utaligonga. Na difu haitoki nzima kama ya Rover, bali kuitoa na kuipanga upya kunahitaji kifaa maalumu cha kupanua nyumba ya difu, ambacho gereji nyingi hazina. Kwa hiyo anayenunua Salisbury ananunua difu iliyo nzima tayari, si difu ya kwenda kutengeneza baadaye.

Mtego mkubwa katika ununuzi ni uwiano wa difu, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. 109 za Series, isipokuwa Stage One V8 ya mwishoni yenye 3.54, zina uwiano wa 4.7 kwa 1, mbele na nyuma. Land Rover One Ten na Defender 110 zilizokuja baadaye zilitumia Salisbury pia, lakini kwa uwiano wa 3.54, na kwenye yadi ya skrepa difu hizo mbili zinafanana kwa sura hadi muuzaji mwenyewe anaweza kuapa kwa nia njema kabisa kwamba ni kitu kimoja. Mwenye jicho ataanza na vikalio: ekseli ya 109 ina vikalio bapa vya springi za majani, wakati ya 110 ina mabano ya springi za koili. Hata hivyo vikalio huweza kukatwa na kuchomelewa vingine, na nimeonyeshwa ekseli ya namna hiyo ikiwa imepakwa rangi nyeusi mbichi kuficha welding. Kipimo kisichodanganya ni cha kuzungusha. Inua ekseli, zuia habu moja isizunguke, weka alama ya chaki kwenye flanji ya pinioni (gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela), kisha zungusha habu ya upande wa pili mzunguko mmoja kamili. Kwa difu ya 4.7, pinioni itazunguka mara mbili na theluthi. Kwa ile ya 3.54 haitafika hata mara mbili. Fundi niliyekwenda naye alifanya hivyo mbele ya muuzaji, na ekseli mbili za kwanza tulizoonyeshwa zilishindwa.

Atakayepuuza kipimo hicho hatagundua kosa siku ya kwanza, na hapo ndipo hatari ilipo. Gari litatembea vizuri kwenye lami, tena kwa wepesi na injini tulivu zaidi, na mwenyewe atafurahi. Kilima kitakapokuja na mzigo, gia ya pili itashindwa. Na siku atakapobonyeza kitasa cha njano kwenye tope, magurudumu ya mbele yatataka mwendo mmoja na ya nyuma mwendo mwingine, kwa sababu Series hii haina difu ya katikati ya kusuluhisha tofauti hiyo, na nguvu yote hiyo itaishia kwenye propela, shafti na gia za kugawa mwendo.

Baada ya uwiano, ukaguzi uliobaki ni wa kawaida, ila usifanyike kwa haraka. Tulifungua kifuniko cha nyuma chenye bolti kumi na kuangalia meno ya gia kuu kwa tochi. Tulichovya kidole kwenye oili ya chini kutafuta chembe za chuma. Na tuliangalia rangi yake, kwa kuwa oili iliyoingiwa na maji huwa nyeupe kama maziwa. Hafushafti zilichomolewa zote mbili. Shafti ambayo meno yake yamejipinda, yakawa na mkao wa ond badala ya kunyooka, imekwisha kubebeshwa kupita uwezo wake na haifai hata kama haijapasuka. Zetu zilikuwa zimenyooka. Muuzaji alinung'unika kwamba wateja wa siku hizi wanakagua ekseli kama wanaoa, nami nikaona ni sifa.

Kuhusu ufungaji wenyewe sina mengi. Ekseli ya zamani ilishuka na mpya ikapanda bila vurugu, na vikalio vilikaa juu ya springi sawasawa, tundu la katikati likipokea kichwa cha bolti ya springi. Kuna mambo mawili ambayo mwenye kupanga kazi hii anapaswa kuyaingiza katika bajeti mapema. La kwanza ni kwamba pua ya Salisbury ni ndefu kuliko ya Rover, kwa hiyo propela ya nyuma ya zamani haifai na inatakiwa fupi zaidi. Ukiweza kununua ekseli pamoja na propela yake kutoka gari lilelile, nunua, kwa sababu kukata propela na kuisawazisha si kazi ya kila turneri (fundi wa mashine ya kuchonga vyuma). La pili ni kwamba mirija ya Salisbury ni minene, hivyo yu-bolti za zamani, zinazofunga ekseli kwenye springi, haziuzunguki ipasavyo. Hapa gereji ilianza kunivunja moyo, kwa kuwa kijana mmoja alikuwa tayari amezipasha moto yu-bolti za zamani ili azipanue. Fundi mkuu alipoona alizitupa pembeni na kuagiza zikunjwe mpya, na sikulazimika kusema neno. Tukio hilo dogo ndilo lililonifanya niiamini gereji ile kuliko maelezo yote niliyokuwa nimepewa awali.

Usalama wakati wa kazi unastahili aya yake. Breki ya mkono ya Land Rover za Series haimo kwenye magurudumu. Ni dramu ndogo iliyopo nyuma ya gia za kugawa mwendo, inayoshika propela ya nyuma. Maana yake ni kwamba ukiondoa propela, breki ya mkono imebaki kushika hewa. Ukichomoa hafushafti moja tu, vivyo hivyo, kwa kuwa difu itaruhusu upande ule mtupu uzunguke na gari litelemke. Na ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, ukategemea breki ya mkono, lile lililobaki chini linaweza kuviringika. Kwenye gereji ile magurudumu ya mbele yaliwekewa vigingi vya mbao pande zote mbili kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa, na gari lilikaa juu ya stendi za chuma, si juu ya mawe wala rimu za zamani. Kwa gereji ya uani, hilo ni jambo la kusifiwa.

Yapo ya kulaumu. Vumbi la breki lilipulizwa kwa kompresa, wingu likapanda hadi kwa mama anayeuza chai mlangoni. Lining za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake halipaswi kuvutwa na mtu yeyote. Maji na brashi vingetosha. Pili, kipumulio cha ekseli kilirudishwa kikiwa kimeziba kwa grisi. Kitu hicho kidogo kinachofungwa juu ya mrija wa ekseli huonekana hakina maana, lakini ekseli ikipata moto hewa ya ndani hutanuka, na isipopata pa kutokea husukuma oili kupitia sili za habu, na oili hiyo mwisho wake ni juu ya lining za breki. Nilikiomba kisafishwe, kikasafishwa. Tatu, beringi za habu zilikazwa kwa mazoea ya mkono. Kitabu cha Land Rover kinataka mchezo wa milimita 0.10 hadi 0.15, na kipimo chenye uso kama wa saa cha kuupima huo hakikuwepo hadi kilipoazimwa gereji ya jirani. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini mteja asingelazimika kulisimamia jambo hilo.

Sasa breki, ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike.

Pikapu ya 109 inatumia dramu za inchi 11, mbele na nyuma, wakati ndugu yake mfupi wa 88 wa miaka hiyo anatumia za inchi 10, na duka litakalokuuliza tu "ya Landrova ya zamani?" bila kuuliza ni ipi kati ya hizo limekwisha kukuonyesha kiwango chake. Mwaka wa gari nao una uzito wake. Series II ilianza 1958, IIA ikaja 1961, Series III ikaanza 1971 na kuendelea hadi 1985, na katika muda huo wote kiwanda kilikuwa kikibadilisha mambo madogo madogo ambayo kwa macho hayaonekani. Mwenye Hilux hawezi kuelewa habari hizi, kwa sababu yeye kila kona anakuta kipuri chake. Mwenye Peugeot 404 au 504 pikapu atanielewa mara moja.

Jambo dogo lililonisumbua kuliko yote ni hesi (mikunjo ya skrubu) za wili silinda, ile silinda ya gurudumu inayosukuma breki shuu, mahali paipu ya breki inapoingia. Magari ya zamani yalitumia vipimo vya inchi, ambapo nati ya paipu ni ya inchi 3/8 yenye hesi 24 kwa kila inchi. Baadaye vikaingia vipimo vya metriki, nati ya milimita 10 yenye hatua ya milimita 1. Chukua kalipa ya kupimia: ya inchi ni milimita 9.5, ya metriki ni 10. Tofauti ni nusu milimita, na hatua za hesi zinakaribiana mno, 1.06 dhidi ya 1. Kwa hiyo nati ya inchi inaingia kwenye silinda ya metriki, inazunguka, inafika mwisho, na hata inakaza kidogo. Inachoshikilia, hata hivyo, ni ncha tu za hesi. Siku utakapokanyaga breki kwa nguvu zako zote kwa sababu ng'ombe amevuka barabara, presha itaing'oa. Kinyume chake, nati ya metriki ikilazimishwa kwenye silinda ya inchi huzila hesi za silinda, na kipuri kipya kinakuwa skrepa kabla hakijafungwa.

Katika duka mojawapo nilipewa wili silinda ya metriki kwa gari la inchi. Nilipoingiza nati ya sampuli niliyokuwa nayo mfukoni nikaiona inayumba, nikamwonyesha muuzaji.

"Mzee, hiyo inaingia tu," alinijibu.

"Inaingia, kijana wangu. Nataka inayoshika."

Alikuwa mwungwana, hakubisha, na alirudi stoo akatoka na nyingine iliyokuwa sahihi. Ndani ya boksi lile lile la pili, lenye chapa ileile na maandishi yaleyale, silinda moja ilikuwa ya inchi na nyingine ya metriki. Hilo halikuwa kosa la muuzaji. Alikuwa akisoma boksi, nalo boksi lilimdanganya. Tangu hapo ushauri wangu ni mmoja: nenda dukani na nati ya paipu yako iliyosafishwa na uijaribu kwa vidole kwenye kila silinda, kaunta hapohapo, kabla ya fedha kutoka. Tazama pia kitako ndani ya tundu na mdomo wa paipu, kwa kuwa paipu iliyokunjwa mara mbili mdomoni kwa mtindo wa inchi na ile yenye kichwa cha duara cha metriki hazikai kwenye kitako kimoja, na zikichanganywa zitavuja hata hesi zikiwa sawa.

Silinda za magurudumu ya mbele zina mtego mwingine. Kila gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, ili breki shuu zote mbili ziwe za kuongoza, yaani zinazovutwa na mzunguko wa dramu zikakaza zaidi, gari likienda mbele, na silinda hizo zina upande: za kushoto hazifai kulia. Za nyuma ni moja kwa kila gurudumu. Muuzaji akikupa nne za mbele zinazofanana kabisa, mrudishie mbili.

Kuhusu ubora, niligawa nilichokutana nacho katika makundi matatu. Silinda za zamani za Girling, chapa ya breki ya Uingereza, ambazo zimelala kwenye maboksi yaliyofifia, chuma chake ni kizuri na jina limetupwa kwenye mwili wake, lakini raba za ndani zimezeeka hata kama hazijawahi kuonja mafuta, hivyo hesabu bei ya seti mpya ya raba. Silinda mpya za watengenezaji wanaojulikana ni salama na ni ghali, na Nairobi ndiko nilikozipata kwa urahisi zaidi. Kundi la tatu ni la maboksi yasiyo na jina la mtengenezaji, ambayo yamejaa kila mahali. Nilifungua moja mbele ya mwenye duka: pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya mashine unayoweza kuihisi kwa ukucha, na ukingo wake mkali ungeichana raba ndani ya mwezi mmoja. Kwa gari la 1968 lenye mfumo mmoja wa breki, ambapo silinda moja ikipasuka magurudumu yote manne yanabaki bila breki, sioni hoja ya bei inayoweza kutetea kipuri cha namna hiyo. Bora silinda ya zamani iliyotobolewa na turneri na kuvishwa mrija wa chuma kisichoshika kutu, kazi ambayo mafundi wazuri wanaiweza.

Upande wa breki shuu, habari ni njema. Shuu zenyewe, zile fremu za chuma, hazifi. Kinachokwisha ni lining, na ufundi wa kupiga lining upya kwa ribiti upo Arusha kama ulivyo Dar es Salaam, tena kwa bei nafuu kuliko shuu mpya zilizosafirishwa. Nilizokuta kwenye Salisbury zilikuwa zimelowa oili ya difu. Mafundi wengi huzimwagia petroli na kuziwasha moto ili oili iungue, kisha huzipiga msasa na kuzirudisha. Zitaonekana kavu. Breki zitakapopata joto kwenye mteremko, oili iliyobaki ndani itapanda juu tena na gari litavuta upande mmoja. Zangu zilikwanguliwa zote na kupigwa lining mpya, ribiti zikazamishwa vizuri chini ya uso wa lining, na nilikagua mkunjo wake kwa kuziweka ndani ya dramu: zilikaa kuanzia ncha hadi ncha bila mwanga kupita katikati. Fundi wa lining ndiye niliyemwona kuwa bora kuliko wote katika safari hii, na ndiye aliyedai fedha kidogo kuliko wote.

Chanzo cha oili ile nacho kilitafutwa, kwa kuwa lining mpya juu ya sili inayovuja ni fedha iliyotupwa. Sili ya habu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye ringi ambayo sili hiyo hutelezea juu yake, iliyokuwa imechimbika mfereji kwa miaka mingi. Ringi hizo hazipatikani kila duka. Nilizipata Gerezani kwa mtu anayeuza beringi na sili peke yake, baada ya kumpelekea iliyochakaa aipime mwenyewe. Ningemshauri yeyote asisumbuke na maduka ya "Land Rover" kwa beringi na sili: namba imechorwa juu ya beringi, na muuza beringi haulizi gari ni la mwaka gani.

Dramu zilikuwa hadithi fupi na ya kusikitisha. Kipimo chake cha awali ni milimita 279.4, na kiwanda kinaruhusu kuchongwa hadi ziada ya milimita 0.75 tu. Kati ya dramu mbili zilizokuja na ekseli, moja ilikuwa imekwisha kuchongwa hadi kupita kiasi hicho, na turneri alikuwa tayari kuichonga tena bila kuuliza. Dramu nyembamba hutanuka na kupasuka. Niliibadilisha kwa moja ya zile za ekseli ya Rover, ambazo kwa bahati zilikuwa nzima na ni za kipimo kilekile. Skrubu tatu zinazoishika dramu kwenye habu ni laini, na zikigoma usizipigie bisibisi hadi zikawa duara. Bisibisi ya kugonga kwa nyundo inazifungua mara moja.

Paipu zote za nyuma zilitengenezwa upya kwa kopa iliyochanganywa na nikeli. Gereji ilipendekeza kopa laini ya friji, ambayo hukunjika kirahisi, lakini mtikisiko wa barabara zetu huichosha hadi ikapasuka, na nilikataa. Kwa mafuta ya breki tulitumia DOT 4, ambayo yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 230, dhidi ya 205 za DOT 3. Kabla ya kutoa upepo, kamu za kurekebishia shuu zililegezwa hadi mwisho ili pistoni zirudi ndani, kisha tukaanza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Pedeli ilipanda na kukaa.

Matokeo ni haya. Ekseli ilijazwa lita mbili na nusu za oili ya EP90, na haijavuja tone hadi ninapoandika. Kuna mvumo mdogo difu ikiwa haivutwi, wa kawaida kwa chuma cha umri huo. Gari linasimama likiwa limenyooka, hata likiwa na mzigo kwenye mteremko, jambo ambalo lilikuwa limekwisha kusahaulika. Yu-bolti zilirudiwa kukazwa baada ya mizigo ya kwanza, na zililegea kweli, kwa hiyo usilipuuze hilo. Kile kibonge cha difu kimekwisha kugonga jiwe moja la njia ya shamba, na njia ndiyo iliyobadilishwa.

Kwa mtu ambaye 109 yake inabeba familia na mzigo mwepesi, sioni sababu ya kazi hii. Abaki na ekseli yake ya Rover, aweke hafushafti mbili za akiba nyuma ya kiti, na fedha yote aielekeze kwenye silinda, lining na paipu. Kwa anayebeba tani moja ya mzigo kupanda mlima kila wiki, Salisbury ya 109 yenye uwiano wa 4.7, pamoja na propela yake, ndiyo ya kununua, mradi bajeti ya breki iwekwe pembeni kabla ya ekseli kulipiwa.